Taulo Kwanza, Chuma Baadaye

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, mwalimu wetu wa mazoezi ya nguvu atarudisha ufunguo wa ukumbi na kustaafu. Kwenye faili la ofisi ana jina lake kamili, lakini kuanzia meneja mpaka mlinzi wa getini tunamwita Mama Taulo, na ukimwita vingine anageuka kutazama ni nani anayeitwa.

Mimi nina miezi minane tu hapa mapokezi. Mengi ya haya nimesimuliwa na waliotangulia; la mwisho nimeliona kwa macho yangu.

Alianza kazi ukumbi ukiwa na mabenchi mawili na kioo kilichopasuka pembeni. Siku hizo, wanasema, sauti yake ilifika mpaka barabarani, na neno lake lilikuwa moja: "Ongeza!" Watu walimpenda kwa neno hilo. Aliyekuja akinyanyua kilo arobaini aliondoka akinyanyua hamsini, anatembea kama jogoo.

Katika mwaka wake wa saba, fundi seremala mmoja, kijana mwenye mikono ya kazi, alilala kwenye benchi akaambiwa aongeze. Akaongeza. Bega la kulia likaachia. Kwa miezi minne hakuweza kusukuma randa, na kwa seremala hiyo ni sawa na kufunga karakana. Mama Taulo hakutafuta wa kumlaumu. Alimwandikia meneja kwamba kosa ni lake (ameniagiza niliandike hapa bila kulipamba), kisha akawa anamsindikiza fundi hospitali kila wiki na kukaa pembeni na daftari.

Huko ndiko mtaalamu wa tiba ya viungo alikowaeleza kwamba kifua cha fundi kilikuwa kimelala miaka yote. Bega na mikono ndivyo vilivyobeba mzigo, kama nyumba yenye ndugu watano na mmoja tu ndiye anayeteka maji.

Mama Taulo alirudi ukumbini na taulo la bluu. Tangu siku hiyo, katika darasa lake hakuna anayegusa chuma kabla ya kulikunja taulo, kulibana kwa viganja viwili mbele ya kifua, na kusukuma mpaka misuli ya kifua ikaze. Ndipo unalala kwenye benchi: mabega nyuma na chini, kama unayatia kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, viwiko visitanuke kama mabawa, chuma kishuke taratibu kwa hesabu ya tatu. Halafu linakuja swali lake: unasikia wapi? Ukijibu begani, anapunguza kilo. Ukinyamaza, anapunguza kilo.

Muuza nyama mmoja, aliyezoea kubeba nusu ng'ombe mgongoni, alipunguziwa mpaka akabaki na chuma kitupu. Alilalamika kwamba mama huyu anamvua nguo mbele za watu. Wiki ya tatu alikuja mapokezi ameshika kifua, akidhani anaumwa. Kumbe ndiyo mara ya kwanza kukisikia kikifanya kazi.

Daftari la majeruhi sasa ninalitunza mimi. Nimelipekua lote: kwa miaka ishirini na miwili halina bega hata moja kutoka darasa lake.

Lakini neno "ongeza" lilipotea kabisa. Ukitaka uzito zaidi, unamtazama, naye anakubali kwa kichwa au anakutazama tu. Fundi alirudi kwenye randa yake mwaka uleule, na hakuacha kuja kila Jumanne. Mabenchi yetu sita ya leo ni kazi ya mikono yake. Kila Jumanne alimchokoza Mama Taulo: dada, leo utaniambia neno lile? Na kila Jumanne alijibiwa alale chali, aache maneno.

Jumanne iliyopita lilikuwa darasa la mwisho. Fundi, sasa mwenye mvi za kutosha, alibana mabega na kushusha chuma kwa hesabu ya tatu. Mama Taulo akauliza swali lake. Fundi alirudisha chuma mahali pake, akaweka kiganja kifuani. Mama Taulo alilikunja taulo, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo nisingeisikia kama ukumbi usingekuwa umenyamaza, akasema: "Haya, mdogo wangu. Ongeza."

Aliyekuwa kwenye mashine ya kukimbilia aliteremka. Fundi akaongeza kilo mbili na nusu kila upande. Chuma kilishuka na kupanda mara nane, bega limetulia. Fundi alipoinuka alimkuta mwalimu wake analia, akalichukua lile taulo mikononi mwake, akamfuta machozi.

Mama Taulo, asante kwa mabega yetu na kwa vifua vyetu. Asante zaidi kwa kutuonyesha namna mtu mzima anavyolibeba kosa lake. Taulo jipya litaning'inia kwenye msumari uleule. La zamani nenda nalo, tumelifua. Pumzika vizuri, na Mungu akuongezee siku.