Dada Yangu Mliyemwita Mama Zogo

Wapendwa waombolezaji, maneno haya yamechapwa pia kwenye karatasi mlizoshika. Nikikwama, endeleeni kusoma wenyewe.

Dada yetu marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1979 katika hospitali ya wilaya, kifungua mimba wa fundi cherehani na karani wa posta. Mimi nilimfuata miaka sita baadaye, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni mama alipokuwa kazini.

Alianza shule ya msingi 1986, ile ya nyuma ya nyumba yetu, na kumaliza sekondari 1997. Darasa la tano, kwenye mchezo wa shule, alipewa nafasi ya mgonjwa asiye na la kusema. Alilala pale jukwaani vizuri mno hata mama akapanda kumpima homa. Tulimtania mama mwaka mzima.

Mwaka 2001 alikuwa karani wa mwanasheria. Mtengeneza filamu mmoja aliyefuata mkataba wake alimkuta akifokeana na fundi wa mashine ya fotokopi, akampa kazi siku hiyo hiyo. Ndipo akawa Mama Zogo, mama mkwe mwenye mdomo, anayevua kiatu na kumrushia mtu. Filamu thelathini na moja, na katika kila moja kiatu kiliruka. Mlimpenda, sikatai. Hata sokoni mlimwambia, "Mama Zogo, turushie kimoja!" Naye alivua, maskini, huku amechoka hoi.

Tarehe 9 Februari 2008 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa vipaza sauti, ambaye hakuwahi kumwita Mama Zogo hata siku moja. Walijaliwa binti na mwana.

Lakini mwaka 2016 alicheza filamu moja ambayo wengi wenu hamkuiona. Humo yeye ni mama aliyekaa kwenye korido ya hospitali, ameshika viatu vya mwanawe aliyeingizwa chumba cha upasuaji. Daktari anatoka, anatikisa kichwa. Dada haongei. Halii. Anainama, anafunga kamba za vile viatu, kimoja, kisha kingine, taratibu, kama anamwandaa mtoto kwenda shule. Jamani! Nimelala naye kitanda kimoja miaka kumi, na yule mama sikumjua. Siku ya uzinduzi, alipoinua tu vile viatu, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mlikuwa mnasubiri arushe. Aliniinamia akauliza, "Wanacheka nini?" Filamu ikaondolewa baada ya siku nne, naye akarudi kwenye kurusha viatu.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba mwaka jana. Akiwa kazini alishika kifua akashindwa kuvuta pumzi, na mwongozaji akapiga makofi: "Hapo hapo! Ibakize hiyo!" Hospitalini, binti wa mapokezi alipomwona anahema alimwita mwenzake: "Njoo haraka, Mama Zogo anatuigizia!" Aliketi kwenye benchi asubuhi nzima.

Jumapili tarehe 2 Juni 2024 alikuwa jikoni kwangu. Alishika ukuta akasema, "Mdogo wangu, sipumui." Nikacheka. Mimi, siyo nyinyi. Nikamwambia, "Acha zako, dada, hapa hakuna kamera." Nilipogeuka alikuwa ameketi sakafuni. Alifariki ndani ya teksi saa tisa na dakika ishirini alasiri, kichwa chake mapajani mwangu, mimi namwomba msamaha na yeye hasikii tena.

Ameacha mama, mume, watoto wawili, na mimi. Kesho kutwa saa kumi jioni tutaionyesha filamu ile katika ukumbi wa shule. Mama yetu hajawahi kuiona. Nawapigia magoti, njooni mkae naye. Mkifika kwenye ile korido, nyamazeni. Nyamazeni tu, jamani. Sina kingine cha kumpa.

Mungu ampokee dada yetu, na amwamini.