Mlango wa Kushoto wa Gari la Emilian Boay

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu mliotoka Buger, majirani wa hapa Rhotia, na ninyi madereva wa watalii mliopanga magari yenu kule barabarani kana kwamba leo tunapokea wageni wa Ulaya, mimi naitwa Cresensia Boay, mwalimu mstaafu, mdogo wake marehemu, tulionyonya ziwa moja. Kamati imenipa dakika tano, nimewasikia, lakini mtu aliyeishi miaka sabini na minne hasomwi kama tangazo la mnada, kwa hiyo mtanivumilia, na mwenye haraka ajue kwamba chakula bado hakijaiva.

Marehemu Emilian Boay Lohay alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Buger, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto saba wa mzee Boay Lohay na mama Theresia Qamara, wakulima wa mahindi na maharage, akabatizwa tarehe 25 mwezi huohuo, siku ya Pasaka. Kati ya hao saba sasa nimebaki mimi peke yangu, na nilipokuwa nikiandika tarehe hizi juzi, nikakwama mahali, nilinyanyua simu ili nimpigie kaka nimuulize, ndipo nikakumbuka.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya msingi palepale Buger kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, hakuchaguliwa kuendelea, na wala hakusikitika sana, kwa kuwa tangu utotoni masikio yake yalikuwa barabarani, likipita lori alikuwa anajua kwa mlio tu kama limebeba ama ni tupu. Mwaka 1969 alianza kazi ya utingo kwenye lori la ushirika lililokuwa likipeleka ngano Arusha, mwaka 1974 akapata leseni, na tarehe 1 Aprili 1981 akaajiriwa na kampuni moja ya utalii ya Arusha kama dereva na mwongoza wageni, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini kamili, Manyara, Ndutu, Serengeti, na zaidi ya pote kreta ya Ngorongoro, hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2011 bila kumgonga hata kanga. Ninaamini kuna nyumba nyingi huko ughaibuni zenye picha za kaka yangu akicheka pembeni ya Landcruiser, sisi tunazo nne.

Tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa takatifu na Angelina Hhando katika Parokia ya Karatu, wakajaliwa watoto wawili, Hilary aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye yuko Dar es Salaam, na Paskalina aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 1985, ambaye ni muuguzi Mtwara. Hapa ndipo kamati walitaka niseme kwamba waliishi kwa upendo na maelewano, halafu nigeuze ukurasa. Waliishi kwa upendo, hilo nalitia sahihi, ila walikuwa hawaishi pamoja. Kuanzia Juni hadi Oktoba, msimu wa wageni, kaka alikuwa anafika nyumbani na mfuko wa nguo chafu, analala siku mbili, anaondoka na mfuko wa nguo safi. Paskalina alizaliwa baba yake akiwa Serengeti, alipokuja kitovu kilikuwa kimeshadondoka, na mwaka 1996, mama yake wifi alipofariki mwezi wa Julai, alifika watu wameshanawa mikono na kutawanyika. Wifi yangu Angelina alilima peke yake, akauguza watoto peke yake, watoto wakakua wakaenda zao, na kwa miaka mingi katika nyumba hii palipikwa ugali wa mtu mmoja. Si mwanamke wa kulalamika, mnamjua, hata jino likimuuma hasemi.

Basi alipostaafu tulisema sasa wifi atapumzika, mume amerudi. Amerudi wapi. Mtu aliyezoea kuwa njiani miguu inamwasha, alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anasimama pale kwenye njia panda akiyatazama magari ya wageni yakipanda kwenda geti la Ngorongoro, anayahesabu kama ng'ombe wake. Mwezi wa Februari 2012 akapata kwa mapadre gari dogo, Volkswagen ya mwaka 1967, ile yenye mgongo kama kobe, iliyokuwa imekaa bandani miaka mingi kuku wakitagia kwenye siti ya nyuma, akalifufua, na halikumaliza hata mwezi wa pili kabla hajaanza tena kuondoka, leo Malambo, kesho Kakesio kwa rafiki yake Moloimet, analala huko siku mbili, anarudi na mfuko wa nguo chafu.

Mwezi wa Mei 2013, akipanda kutoka Mto wa Mbu, gari la wageni ambalo sitalitaja lilimpita kwenye kona, halikumwona, likamsukumia mtaroni, akatoka bila hata mchubuko. Jioni ile wifi alimwambia jambo moja tu, kwamba gari lile halina mikanda. Kaka, ambaye alikuwa anamwomba kila siku wapande wote hadi ukingoni akamwonyeshe kreta, kwa kuwa mke wa mtu aliyewapeleka maelfu ya wageni kreta hakuwahi kuiona kreta kwa macho yake, akamwuliza, nikiweka mikanda utapanda? Wifi akasema, weka kwanza.

Ndugu waombolezaji, hiyo weka kwanza ilichukua miaka kumi na miwili. Kaka alikwenda kwa fundi Modest, yule mwenye gereji pale mjini Karatu nyuma ya soko la mazao, na kwa kuwa bodi lilikuwa limeliwa na kutu, Modest akachomelea vipande vya chuma kizito chini ya sakafu na kwenye nguzo za milango, ili bolti za mikanda zisije zikang'oka siku ya shida, na kaka akakataa mikanda ya mtumba, akisema mkanda uliokwisha kumwokoa mtu mmoja umemaliza kazi yake, akanunua mipya Arusha, akafunga wa upande wa kushoto kwanza, kisha wake. Wifi akaenda akautazama, akauvuta, akasema mkanda ni mzuri, ila breki zinavutia upande. Ikawa ni breki, zikatolewa zile za zamani za mbele, zikawekwa za diski, na mabomba ya njia mbili ili moja ikivuja nyingine ishike, vifaa vikangojwa miezi saba. Wifi akasema taa zinamulika kama kibatari, ikawa ni taa, na umeme wote wa gari ukabadilishwa. Akasema siti hazina pa kuegemeza kichwa, kaka akaja na siti mbili ndefu za gari la Kijapani, akazikata miguu zikaenea. Mipira ya mafuta, mtungi wa kuzimia moto, taa ya tatu ya breki juu ya kioo cha nyuma, vyote vilipita kwenye ulimi wa wifi yangu kimoja baada ya kingine, na kila kimoja kilimweka kaka uani hapa, chini ya ule mti wa mgrivelia, amelala chali kwenye gunia, miguu nje, akiomba aletewe spana.

Alipoambiwa kwamba gari ni fupi mno, kwamba wale wa Landcruiser hawalioni, hakubisha, alikuwa mmoja wao, alijua dereva wa wageni anatafuta twiga na wala hatazami chini. Mzee Moloimet, ambaye nakuona pale nyuma, nakushukuru kwa kufika kutoka Kakesio, ndiye aliyemkatia kipande cha shuka lake jekundu, akasema watoto wa Kimaasai wakichunga huonekana toka ng'ambo ya bonde kwa rangi hiyo, na kaka akakifunga kwenye ufito mrefu nyuma ya gari, kikapepea juu ya paa. Mlimcheka, mlisema Emilian amefungua ubalozi, lakini tangu siku ile hakuna gari lililomsukuma tena.

Na Jumapili nani hakuwaona? Wifi alikuwa akitoka kwa miguu kwenda misa, kwenye ile njia ya vumbi, kwa sababu gari lilikuwa halijawa tayari, na nyuma yake, mwendo uleule wa mguu, linakuja gari dogo, bendera nyekundu juu, indiketa zote mbili zinawaka, kaka yangu akimkinga mkewe na pikipiki. Vijana walimwita trafiki wa mke. Nami nilicheka, ila kuna siku niliwatazama kutoka dirishani kwangu, mtu na mkewe, mmoja mbele mmoja nyuma, kila mmoja peke yake, nikaingia ndani nikalia.

Wifi yangu ameniruhusu kulisema linalofuata, kwa kuwa aliniambia mwenyewe tukichambua maharage siku ya pili ya msiba. Hakuwahi kuliogopa gari lile. Alikuwa anaogopa siku ambayo litakuwa halina kasoro, maana siku hiyo mwanaume angeondoka tena, na yeye alikuwa ameshakula ugali wa mtu mmoja vya kutosha. Kumwambia kaa nyumbani hakuweza, hakuzoea kuomba, akawa anatafuta kasoro. Kreta haihami, alikuwa anamjibu kila akiulizwa, tengeneza kwanza.

Marehemu alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu mwaka 2022, mwaka jana figo nazo zikachoka, na tarehe 28 Julai mwaka huu, 2025, alilazwa hospitalini hapa wilayani, Hilary na Paskalina wakaja, wote tukawepo. Siku moja kabla hajaacha kusema alimwuliza mkewe gari limebakiza nini, naye wifi, kwa mazoea, akamjibu kwamba mlango wa upande wake, ule wa kushoto, unagonga. Kaka akatabasamu, akasema nikitoka nitaanza na huo. Alifariki dunia Jumamosi ya tarehe 9 Agosti, alfajiri. Tangu hapo wifi hakula, aliniambia amempeleka mwanaume kaburini akiwa na deni la mlango, kwamba amemfunga uani miaka kumi na miwili kama mbuzi, kwa woga wa uongo, na yeye masikini akatii akidhani mkewe hapendi kuongozana naye.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia usiku na mchana, Baba Paroko na jumuiya yetu, majirani mliobeba maji na kuni bila kuitwa, na madereva wenzake, ambao wengine mmeacha wageni hotelini ili mje mumsindikize.

Wa mwisho kushukuriwa ni fundi Modest, na huyu namshukuru kwa maneno yake kuliko kwa kazi yake. Juzi alikuja kutoa pole, akakaa na wifi, akasikia habari za mlango, akatazama chini, halafu akasema mlango ule hauna ugonjwa wowote, bawaba ni nzima, kitasa ni kizima, kinachogonga ni kibao cha ndani, na skrubu yake aliilegeza marehemu mwenyewe mwezi wa Mei, mbele yake. Si hiyo tu. Gari lile lilikwisha kukamilika miaka mitatu iliyopita, na tangu wakati huo kila kilicholegea kililegezwa na kaka kwa mkono wake, Jumamosi jioni, ili mkewe akione. Modest alimwuliza sababu, kaka akamwambia, mama watoto anatafuta kasoro ili nisiondoke, nami akikosa la kusema nitapata wapi kisingizio cha kushinda nyumbani, hawa rafiki zangu wataniita tena porini nami nitaona haya kusema nabaki kwa mke wangu. Kumbe alijua. Alijua yote, akabaki kwa hiari yake. Wifi aliposikia alijifunika khanga usoni, akacheka, mara ya kwanza tangu msiba uingie, kisha akalia kile kilio tulichokuwa tunakingoja, na jioni akaomba uji.

Leo asubuhi Modest alikuja na bisibisi, akauliza kama aikaze ile skrubu kabla hatujaondoka, wifi akamwambia aiache. Jeneza lilipotoka hapa kwenda kanisani, mlimwona mlivyomwona, alikataa magari makubwa yote, akafungua mlango wa kushoto wa gari lile dogo, akaketi, akavuta mkanda, ukamtosha, Hilary akaendesha kwa mwendo wa mguu, bendera nyekundu juu, indiketa zote zinawaka. Safari hii wewe ulikuwa mbele, kaka, na mkeo nyuma yako akikukinga, na kibao kiligonga njia nzima.

Kaburi lako liko nyuma ya nyumba, karibu na ule mgrivelia. Hutahitaji kisingizio tena, Emilian, umebaki nyumbani. Pumzika kwa amani.