Sura Tatu za Kwanza za Gemu la Mafuriko

Benchi la mbele ya saluni yangu lina miguu mitatu na tofali moja, na hubeba watu wazima wanne pamoja na hoja zao, ambazo ndizo nzito. Mimi ndiye kinyozi. Wananiita Wembe, ingawa siku hizi nanyoa kwa mashine. Mchana ule tulikuwa watatu, birika la kahawa katikati: mimi, Profesa, anayefundisha watu kuendesha magari na yeye mwenyewe hana hata baiskeli, na Cheche, fundi wa kuchomelea, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Kosa ni la Profesa. Asubuhi, nikiwa katikati ya kichwa cha Cheche, aliingia ameshika gemu letu la zamani, lile la dada anayemtafuta mdogo wake katika mji uliofurika maji. Alilikuta kwenye boksi la viatu vya mkewe. Miaka kumi na moja iliyopita gemu hilo lilitutoa machozi sisi wanaume watatu wenye ndevu. Basi nikazima mashine ya kunyolea, nikawasha ya gemu, tukacheza sura tatu za kwanza bila kupumzika. Tulipotoka nje, kila mtu alikuwa anamsubiri mwenzake aanze kusema.

— Bovu, akasema Cheche. — Mnisamehe, lakini ni bovu. Yule dada anatembea kama amebana chupa mapajani. Akiongea, maneno yanatangulia, mdomo unafuata baadaye.

— Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, akasema Profesa. — Ndiyo maana anatembea sana.

— Hiyo methali haihusiki hapa.

— Ipe muda, itahusika.

Mimi kilichonitisha hakikuwa mdomo wala mapaja. Nikaona bora niseme ukweli, maana hapa kijiweni ukificha jambo watakutungia kubwa zaidi.

— Jamani, pale darini, mdogo wake anapoita “Dada, maji yamefika!”, zamani nililia mpaka mke wangu akadhani tumefiwa. Leo anaita, na mimi nawaza kama nimefunga bomba la nyuma.

— Ulikuwa umelifunga?

— Hapana. Nilikwenda kulifunga.

— Mtoto anazama, wewe uko bombani!

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa shati. Akifanya hivyo ujue nadharia inakuja.

— Sikilizeni. Walioandika sura ya kwanza walikuwa na njaa. Mwenye njaa hatungi upuuzi. Ile meza yenye vikombe viwili, mdogo hayupo, chai bado inatoa moshi: hiyo ni kazi ya mtu ambaye hajala tangu jana. Kufika sura ya tatu wameshashiba. Unafungua mlango, unakuta mlango. Mgema akisifiwa, tembo hulia maji.

— Hulitia, Profesa.

— Analia pia. Umewahi kumuuliza?

— Si njaa, akadakia Cheche. — Machozi yetu yako ndani ya gemu. Mwaka ule ulilia, likaseivu. Sasa ukicheza tena linaona huyu tulishamliza, linakupitisha tu. Mtu halii mara mbili kwenye faili moja.

— Kama ni hivyo, na dada mwenyewe amekua, akasema Profesa, na sasa hata yeye alikuwa anaamini maneno yake. — Alikuwa na miaka kumi na tisa. Ongeza kumi na moja. Thelathini kamili! Umemfungia mtu mzima kwenye boksi la viatu, leo unamtoa umwambie akimbie kwenye maji. Atakimbia kwa furaha gani?

Nilicheka, na nadhani kicheko ndicho kilichoniponza, kwa sababu Cheche aligeuka akanitazama kwa ule upande wenye nywele.

— Wewe cheka. Ya ngazi hujayasema.

Hapa lazima nieleze. Sura ya pili ina ngazi moja tu. Unaweza kuiacha kwa mzee jirani aliyekwama dirishani, au uibebe ukapande darini kuifuata sauti ya mdogo mtu. Mwaka ule pedi ya kuchezea nilishika mimi, nikabeba ngazi. Cheche hakuongea nami miezi miwili. Alihamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, akarudi na sikio lina kovu na heshima imepungua.

— Na leo umerudia! akasema. — Mzee wa watu anakupungia mkono, wewe unabeba ngazi unaondoka!

— Haraka haraka haina baraka, nikajitetea. — Ningemngoja mzee ningechelewa.

— Methali hiyo inakufunga wewe mwenyewe.

Niliirudia kimoyomoyo. Kweli ilinifunga. Nikanywa kahawa.

— Cheche, mdogo wake alikuwa anaita.

— Na ningekuwa mimi dirishani?

Hakuuliza kwa utani. Profesa alirudisha miwani usoni. Hapo ndipo nilipojua kwamba rafiki yangu, kwa miaka kumi na moja, alikuwa amesimama kwenye lile dirisha, na mimi nilidhani tumegombana kwa ajili ya gemu.

— Wewe ni mzito, nikasema. — Ngazi ingevunjika.

— Wembe.

— Ningekurudia, bwana. Haki ya nani, ningerudi.

Cheche akanimiminia kahawa. Akajaza kikombe mpaka juu.

Ndipo mlango wa saluni ulipofunguka, akatoka mama mkwe wangu. Alikuwa kwetu wiki ya pili akitibiwa jino, na kwa kuwa nyumbani wanapaka rangi, alishinda kwenye kochi la wateja akifuma sweta. Mimi nilidhani anasinzia. Wote watatu tukasimama kama wanafunzi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Samahani, sitaki kuwakatiza. Yule mtoto alipatikana?

— Mtoto yupi, mama?

— Wa kwenye maji. Aliyekuwa anaita.

Nikamtazama Cheche. Cheche akamtazama Profesa.

— Kitaalamu, mama, akaanza Profesa, — swali hilo lina pande mbili...

— Sijauliza kitaalamu, baba. Alipatikana?

Gemu lina sura sita. Tumebishana juu ya tatu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

— Hatujui, mama, nikasema. — Hatujawahi kufungua ya nne.

— Liliharibika?

— Ni zima kabisa. Mwanzoni tuligombana. Halafu... Mbele ya mkwe, aibu gani hii. — Halafu niliogopa. Kama amezama, ni kwa sababu nilichelewa. Na mzee nilimwacha bure.

Wala hawakunicheka. Cheche alikuwa anatazama chini.

— Na mimi, akasema, — sikutaka kujua kama Wembe alikuwa sahihi.

Mama mkwe alizikunja nyuzi zake, akaziweka kwapani, akatushikia mlango.

— Haya, ingieni mkawashe hiyo ya nne. Mimi nitatazama. Nyie fumbeni macho, nitawaambia.