Nguzo ya Sita ya Bi Mwanamwema

Asalaam alaikum ndugu wa Karatu, na tumsifu Yesu Kristu kwa wakwe zetu mliotoka Mbulu, mimi ni Abbasi, mdogo wake Jumanne, na kabla jeneza halijainuliwa nimepewa niwasomee maisha ya mke wa kaka yangu.

Marehemu Bi Mwanamwema alizaliwa Mbulu tarehe 3 Juni 1938, akabatizwa Lusia, akasoma shule ya misheni mpaka darasa la nne, mwaka 1957 akaja Karatu kushona nguo, ndipo kaka yangu akamwona, akakosa usingizi. Machi 1959 alisilimu kwa hiari yake, akaitwa Mwanamwema, na Maalim Seif alipogoma kufungisha ndoa mpaka azitaje nguzo sita za imani, alizitaja bila kigugumizi: kumwamini Mwenyezi Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kudra, kheri na shari yake.

Januari 1960 alimzaa Mwanamisi, mwanawe wa pekee. Tarehe 11 Aprili 1962 mtoto alibanwa na pumzi, mama akambeba mpaka kwa Maalim, mwenye lori pekee mtaani, akamwomba awafikishe hospitali, Maalim akajibu kwamba kama siku ya mtoto imefika gari halitaizuia, na lori likaondoka na mahindi kwenda Digodigo. Mwanamisi alifia njiani, mgongoni kwa mama yake. Matangani Bi Mwanamwema alisema, na wengi wenu mlikuwapo, kwamba kudra anaiamini, ila funguo za lori zilikuwa mfukoni mwa Maalim. Basi! Kwa neno hilo akatangazwa kafiri, kaka yangu akaamriwa amwache, akakataa, nanyi mkamsusa, kila Ramadhani sahani za futari alizowapelekea zikarudi na kawa zake bila kuguswa. Mwaka uliofuata Maalim alibanwa na ngiri, akakimbizwa hospitali kwa lori lile lile, wala hatukusikia akiuliza kama siku yake imefika.

Kifua kilimwanza marehemu mwaka 1966, akafariki jana, tarehe 9 Septemba 1967, akiusia asomewe talkini, akumbushwe imani yake kaburini kabla malaika hawajamuuliza. Maalim alikataa, akasema hamziki kafiri. Leo asubuhi Piusi, kaka wa marehemu, Mkristo wa kubatizwa, alimfuata msikitini akamwambia kwamba kila alipolala kwa dada yake aliamshwa na sala yake ya alfajiri, inakuwaje Waislamu wa ukuta kwa ukuta hamkuisikia? Maalim amekuja, yule pale.

Tunamshukuru mganga wa zahanati, tunawashukuru mafundi cherehani wenzake, na ninyi majirani ahsanteni, mmejaa kwenye mikeka ambayo miaka mitano hamkuikanyaga.

Maalim, wewe ndiye pekee hapa unayeijua talkini. Mkumbushe zote, na ukifika kwenye kudra paza sauti, Jumanne atakuwa amekaa mbele yako. Pumzika sasa, shemeji, ulipo hapana wa kukususa.