Lami Isiyotoboka

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali. Liko pale barabara inapokata kona, ambapo wiki hii wamemwaga lami mpya, nyeusi kama masizi ya sufuria. Mwenye benchi ni muuza kahawa, wateja wanamwita Bi Birika. Asubuhi hiyo kahawa ilikuwa nzuri, ila roho ya mwenyewe ilikuwa imechacha. Mkwe wake Spana, fundi pancha wa kona hiyohiyo, alikuwa amefungia vyombo vyake vyote guniani, akaja kuketi upande wa jiko na kuanza kusuuza vikombe. Na mkwe hatukanwi usoni. Kwa hiyo Bi Birika alilitukana jiko.

— Jiko gani hili, mkaa linao na kuwaka haliwaki. Limeamka limeacha kazi.

— Mama, sijaacha kazi, — Spana akasema. — Kazi ndiyo imeniacha. Mashimo yamekwisha. Kuanzia leo tunauza kahawa wote wawili.

Birika moja, watu wawili. Bi Birika alishamwona amekaa hapo mpaka siku ya kumzika, anakoroga na kuonja, anamaliza sukari.

— Nani kasema mashimo yamekwisha?

Spana akamwonyesha kidole Redio, mtu asiye na kazi yoyote ila habari zote anazo.

— Mhandisi kasema mbele yangu, — Redio akajibu. — Lami ni gundi tu ya kushika kokoto. Jua likiwaka inalainika, malori yanaikanyaga, inabonyea. Mvua ikija, shimo. Sasa hii wameitia chembe za nano. Ni udongo uliosagwa ukasagika, hata unywele mmoja mbele yake ni gogo. Gundi inakaza. Hailainiki, haipasuki, haizeeki upesi.

— Haizeeki? Hawakubakisha kidogo? Nina magoti mawili hapa.

Kinyozi, aliyekuwa akinywa kikombe chake cha kufungulia duka, akatikisa kichwa.

— Usicheke, mama. Chembe ndogo hivyo haitulii. Gari likipita inapanda kwenye tairi, tairi nalo linakaza.

Spana akasuuza kikombe alichokwisha kukisuuza.

— Linakaza kabisa?

— Halitoboki mpaka mjukuu wako aoe.

— Tairi ni jambo dogo, — Redio akadakia, maana kupitwa hakubali. — Inapenya soli ya kiatu, inaingia unyayoni, inapanda mpaka kiunoni. Mwakani watu hawatachoka.

— Wewe hujachoka tangu uzaliwe, — Bi Birika akasema, — na nano haikuwapo.

Kinyozi hakucheka. Alikuwa amejishika utosi.

— Na ikifika kwenye nywele? Zikikaza, mkasi utakata nini?

— Mkasi wa nini tena? — Redio akamjibu. — Tafuta msumeno.

Kinyozi akamgeukia Spana kwa sauti ya chini.

— Hilo birika haliwezi kulisha watu watatu?

Bi Birika akachochea mkaa mpaka cheche zikaruka. Hapo akatokea mwanamke mgeni, anasukuma baiskeli yenye tenga la nyanya, gurudumu la nyuma limelala chini. Alikuwa anatoka upande wa lami mpya.

— Habari za hapa. Naambiwa kuna fundi pancha.

— Alikuwepo, — Redio akasema. — Barabara hii sasa ina nano, dada yangu. Matairi hayatoboki.

Mwanamke akainama, akachomoa kitu kwenye tairi, akakiweka juu ya benchi. Ulikuwa msumari wa kupigilia mbao, mrefu, bado unang'aa.

— Nimeukanyaga palepale kwenye hiyo lami yenu. Sasa hiyo nano, misumari inaifanyaje?

Redio akainua kikombe akanywa, na kikombe kilikuwa kitupu. Kinyozi akaitazama barabara kana kwamba ndiyo iliyoulizwa. Spana akabaki na kitambaa mkononi, maji yanamchuruzikia magotini.

Bi Birika akalifuata gunia mwenyewe, akalifungua, akatoa pampu, akaipangusa vumbi kwa upindo wa kanga.

— Baba, — akamwambia mkwewe kwa heshima zote, — mgeni amesimama juani. Niachie hicho kikombe.