Baraka Aliyoikataa Mwalimu Aminieli

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo ni Mwalimu Aminieli Sumari, mtoto wa kwanza wa Mzee Sumari na Mama Naeku. Alizaliwa hapa Nkoaranga, mlimani Meru, mwaka 1884 hivi, wakati ambao hakuna aliyeandika tarehe za watoto.

Mwaka 1903 alianza kusoma misheni. Siku ya kwanza aliingia darasani na mbuzi wawili, kwa kuwa baba yake alimruhusu kusoma, hakumruhusu kuacha kuchunga. Alibatizwa Krismasi ya 1906, kisha akawa mwalimu wa wanaojiandaa kubatizwa. Alipenda kuwaambia, "Mbele ya Mungu kila mtu husimama peke yake. Ukoo hauendi naye." Mwaka 1908 alifunga ndoa na Tabea, wakajaliwa Hanna na Eliasi.

Februari 1910 baba yake alikuwa kufani. Kwa desturi yetu, mzee aliwaita wanawe awatemee mate ya baraka. Thomasi, mdogo wake, alisogea. Aminieli alirudi nyuma.

"Baba, mimi nimekwisha kuoshwa kwa ubatizo."

Mzee alishusha mkono. "Haya," akasema, wala hakusema neno jingine hadi alipofariki.

Hakuna mchungaji aliyemkataza. Alijikataza mwenyewe, na jambo hilo likamtafuna. Wazee walikuwa wamemlea wakisema mtu ni mtu kwa waliomtangulia. Yeye aliona fikra hiyo na imani yake hazipikiki chungu kimoja. Mwaka uliofuata, akiwasomea wanafunzi habari za Yesu kutema mate chini, kufanya tope na kumpaka kipofu macho, alinyamaza katikati. Bibi Namnyaki, mwanafunzi wake, akamuuliza, "Mwalimu, kwani mate ya baba yako yalikuwa na ubaya gani?" Aliwaaga, akaenda kulia mgombani.

Tangu hapo alifundisha vingine. Alisema Mungu alipotaka kutuokoa alikubali kuzaliwa ndani ya ukoo, na mababu zake wakatajwa majina katika Injili, wema kwa wabaya, wala hakuna aliyebatizwa. Basi Mungu hatuiti kwake kama watu wasio na kwao. Imani yake ilitulia hapo. Moyo haukutulia, maana majuto ni mjukuu. "Nimeelewa," alimwambia Tabea, "lakini niliyepaswa kumwambia hayupo."

Januari 1914 alishikwa na kichomi. Mama yake, ambaye hajabatizwa, ndiye aliyemuuguza. Siku moja Aminieli aliinamisha kichwa, akamwomba ambariki. Mama alimtemea mate kifuani.

"Haya ni yangu, mwanangu. Ya baba yako sina."

"Najua, mama."

Alifariki tarehe 9 Machi.

Aliomba asizikwe makaburini kwa misheni, bali hapa, ubavuni mwa baba yake. Wazee wa kanisa walinung'unika, mpaka Tabea alipowauliza, "Mnaogopa watapatana?"

Ameacha mama, mjane, watoto wawili, na mdogo wake Thomasi, ambaye ndiye anayewasomea haya. Mungu ampe amani ambayo sisi tuliompenda hatukuweza kumpa.