Bibi Anasemaje

Basi la Manyoni lilikuwa limeshapita Issuna, likielekea Singida mjini. Hana alikaa katikati ya mama yake na mzee mmoja wasiyemfahamu. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, na neno lake likaishia hapo. Sasa mama na mzee walikuwa wakimjadili yeye mwenyewe akisikia, kama mbuzi wa mnadani.

"Anasikia sauti ya bibi yake, marehemu," mama alisema. "Mchungaji akamfungisha wiki nzima bila kula, akawa anamkemea bibi atoke. Mama yangu mzazi, baba! Kanisa lile alilibebea mawe kichwani, leo anaitwa pepo."

"Na hospitali?"

"Mshauri akasema habari za sala niziache getini. Daktari akaongeza vidonge."

Mzee akaguna. "Si mtafute mtaalamu anayetibu akili na anayemjua Mungu pia?"

"Ndiye tuliyemfuata Manyoni. Kahamishwa."

Mzee akamgeukia Hana. "Binti, bibi anakwambiaje?"

Hana alishtuka. Mchungaji hakumuuliza hivyo, wala mshauri. Akafungua mdomo.

"Usimchokoze, baba," mama akadakia. "Ni upuuzi mtupu."

Basi likasimama stendi, watu wakaanza kusukumana mlangoni. Hana akashuka na jibu lake. Bibi hakuwahi kumwambia jambo kubwa. Humwita tu kwa Kinyaturu, kwa sauti ileile iliyomlea mama: mjukuu wangu, njoo ule, ugali unapoa.